Waridi Lililokatwa kwa Mkasi wa Nguo

Kila asubuhi, kabla jua halijagusa bati la jikoni, Sisimizi alikuwa ameshafagia uwanja, ameshabandika chai ya baba yake, na ameshamwagilia waridi la mama. Jina la Sisimizi alipewa na mama yake mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mdogo wa umbo na hakujua kutembea mikono mitupu. Ukikutana naye njiani, lazima kuna kitu amebeba. Alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita.

Waridi lilipandwa katika debe la mafuta ya kula, kando ya mlango. Maua yake yalikuwa mekundu ya kuiva, na harufu yake ilifika mpaka chumbani. Mama alikuwa fundi cherehani. Kila jioni aliporudi kutoka barazani alikokuwa akishona, alisimama pale, akainama, akanusa ua moja, akasema, "Haya, sasa nimefika nyumbani." Ndipo alipovua viatu.

Sasa ilikuwa miezi minne tangu mama aliporudi kwa Mola wake. Uvimbe ulimwanza kwenye titi, na ulipojulikana ulikuwa umeshatembea mwilini. Baba, ambaye ni seremala, hakuwa mtu wa maneno mengi hata zamani. Baada ya msiba alijitengenezea kigoda, akakiweka karibu na debe, na kila jioni alikaa hapo mpaka chai yake ikapoa. Hakunusa ua wala hakuchuma. Alikaa tu. Sisimizi alikuwa akimchungulia kutoka jikoni, akajua kwamba hapo ndipo baba alipobakisha mazungumzo yake na mama.

Siku moja aliona madoa meusi kwenye majani ya waridi. Kesho yake yaliongezeka, na majani mawili yakadondoka. Mama naye alianza hivyohivyo, kidogo kidogo, leo mkono unauma, kesho chakula hakipandi. Alitaka kumwambia baba, lakini alipouangalia uso wa baba, ulivyobonyea chini ya macho, akaona haya kumwongezea mzigo. Akanyamaza, akabuni lake.

Alikumbuka kwamba mama alikuwa akikata vijiti vya waridi na kuwapa watu, na vijiti vikaota. Akajisemea: vijiti kumi na viwili ni mawaridi kumi na mawili. Moja likifa, yatabaki kumi na moja. Hatutabaki tena na kitu kimoja tu.

Jumamosi, baba alipokwenda karakana, Sisimizi alishusha mkasi wa mama kutoka msumarini. Sasa, kwa fundi cherehani, mkasi wa nguo ni mkasi wa nguo. Haukati karatasi, haukati gunia, haukati hata kucha. Siku moja Sisimizi aliutumia kukata jalada la daftari, na mama, mpole yule, alimfinya sikio. Lakini kisu cha jikoni kilikuwa butu kama kijiko, na Sisimizi alikuwa na haraka. Akakata. Mti wa waridi ni mgumu. Mkasi uliuma na kuponda, ukateleza, ukauma tena. Alipomaliza, debeni palibaki shina fupi kama kidole gumba, na kwenye makali ya mkasi palikuwa na pengo dogo.

Vijiti akavichomeka katika makopo nyuma ya jiko. Alijaribu kukumbuka mama alivyokuwa akifanya. Kulikuwa na jambo fulani kuhusu mkato wa juu na mkato wa chini, lakini lilimtoka. Akavichomeka vilivyomjia mkononi, vingine kichwa juu, vingine kichwa chini.

Jioni baba alirudi, akaenda kwenye kigoda chake, akasimama. Alisimama muda mrefu. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Nani kafanya hivi?"

Kama angefoka, pengine Sisimizi angesema kweli. Lakini ile sauti ya chini ilimkata maini. Mbuzi wa jirani alikuwa akipita ng'ambo ya uwanja, anatafuna zake, hana habari na mtu. Ulimi ukatangulia.

"Mbuzi," akasema. "Mbuzi wa Mama Pindo."

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani aliyeshona baraza moja na mama kwa miaka kumi na mitatu. Waliitana shoga, wakachekana, wakanuniana, wakapatana. Jina la Pindo lilitokana na usemi wake: nguo ni pindo, mengine ni mbwembwe. Tangu msiba, kila Jumamosi alikuwa akija kumsuka Sisimizi nywele na kumkaripia kwa kukonda.

Baba alivuka uwanja. Sisimizi alisikia kutoka jikoni sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwa baba yake. "Kitu kimoja tu alichoniachia! Kimoja! Na wewe unafuga mnyama hujui hata kumfunga!"

Mama Pindo alikuja na futi yake ya kupimia imening'inia shingoni. Akachuchumaa mbele ya debe, akaligusa lile shina kwa kidole. Akageuka, akamtazama Sisimizi. Hakumtazama kwa ukali. Alimtazama kama anavyotazama nguo iliyoletwa ikiwa imekatwa vibaya. Kisha akainuka.

"Nimesikia, shemeji," akasema. "Nisamehe."

Kesho yake mbuzi hakuonekana. Mama Pindo alimpeleka kwa dada yake, safari ya siku nzima, mbuzi pamoja na kitoto chake, na maziwa ya chai yakaondoka nao. Jumamosi iliyofuata hakuja kusuka. Nyingine vilevile. Nywele za Sisimizi zikafumuka, akaanza kuvaa kitambaa.

Na vijiti? Kila asubuhi Sisimizi alivichomoa kimoja kimoja kuangalia kama vimetoa mizizi, akavirudisha. Kila asubuhi, mchana na jioni alivimwagia maji, na lile shina la debeni pia, maji mpaka yakatuama, kwa sababu tundu la chini ya debe lilikuwa limezibwa na udongo. Wiki ya pili vijiti vilikuwa vyeusi, vinateleza. Shina likaoza, likang'oka lenyewe, halina hata mzizi wa kushikilia. Alivifukia vyote pembeni mwa choo, na alipomaliza akabaki amechuchumaa, mikono ina udongo, analia bila sauti. Alihisi amemzika mama mara ya pili, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumshika bega.

*

Mwalimu wa sayansi aliitwa Mwalimu Chaki, kwa kuwa mifuko yake ilikuwa myeupe daima. Jumatatu iliyofuata aliingia darasani na kipande cha muhogo, tangawizi iliyochipua, na jani nene lililozungukwa na vijimche vidogo kama ushanga.

"Hivi vyote vitazaa," akasema. "Nani ataniambia baba yao yuko wapi?"

"Kakimbia majukumu," alisema rafiki wa Sisimizi aliyekaa naye dawati moja. Huyo aliitwa Redio, maana hakuwa na kitufe cha kuzima. Darasa likaangua kicheko, na mwalimu akacheka nao.

"Hakukimbia, Redio. Hakuwepo. Hapa mzazi ni mmoja tu. Hakuna mbegu, hakuna chavua. Kipande cha mzazi kinakuwa mmea kamili. Huko ndiko kuzaliana bila jinsia. Hata hamira inayoumua mkate hufanya hivyo: seli moja huchipua kinundu kidogo ubavuni, kinakua, kinajitenga, zimekuwa mbili."

Akachora duara ubaoni. "Kila kiumbe kimejengwa kwa seli, kama nyumba kwa matofali. Lakini tofali hili lina maisha. Katikati lina kiini, na ndani ya kiini kuna nyuzi nyembamba zenye maagizo yote ya mwili: jani liwe hivi, ua liwe jekundu. Seli ikitaka kugawanyika, kwanza inanakili maagizo yake yote. Kisha nakala moja inavutwa huku, nyingine kule, na katikati panajengeka ukuta. Ilikuwa moja, sasa mbili, na zinafanana. Ndivyo kijiti kinavyotoa mizizi. Ndivyo kidonda chako kinavyofunga. Na kwa kuwa maagizo ni yaleyale, kipandikizi, yaani kijiti kilichokatwa na kupandwa, si ndugu wa mmea wa kwanza. Ni mmea uleule, umesimama mahali pengine."

Sisimizi aliacha kuandika. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, seli inajuaje wakati wa kuacha?"

"Maagizo yanaiambia. Kidonda kikishafunga, inatulia."

"Na ikisahau kuacha?"

Mwalimu Chaki aliyajua ya nyumbani kwao. Aliweka chaki chini, akapangusa vidole taratibu.

"Mara nyingine maagizo yanaharibika," akasema. "Seli hiyo inagawanyika, na watoto wake wanagawanyika, bila kuambiwa, bila kuacha. Panakuwa uvimbe. Uvimbe mwingine hauna madhara, mwingine ni saratani. Si adhabu, si uchawi, wala haiambukizi. Ikigunduliwa mapema, waganga wa hospitali wana nafasi kubwa zaidi ya kuizuia. Ikifichwa, inapata muda. Na muda ndicho chakula chake."

Redio, kwa mara ya kwanza mwaka ule, alikosa la kusema. Alimsogezea Sisimizi kipande chake cha kitambaa cha pua.

Kengele ilipolia, Sisimizi alibaki.

"Mwalimu, mtu akikata tawi la waridi lake akampa jirani, na lake likafa, lile la jirani ni lilelile?"

"Lilelile. Harufu ileile."

Akasita. "Na mimi? Mimi ni kipandikizi cha mama?"

Mwalimu alivuta kiti akakaa, wakalingana macho. Alitamani kumpa jibu tamu, lakini hakuwa mtu wa kumdanganya mtoto.

"Hapana, mwanangu. Wewe ulitoka kwa wawili. Nusu ya maagizo yako ni ya mama, nusu ni ya baba, na mchanganyiko wako hajawahi kuwa nao mtu mwingine. Ndiyo maana waridi linaweza kurudishwa kwa kijiti, na binadamu hawezi. Mungu alitupa kila mtu mara moja."

Sisimizi alitikisa kichwa kukubali. Maneno yalimuuma, lakini yaliuma kama iodini, pale penyewe palipo na kidonda.

*

Alijua waridi lilipo. Kwenye baraza la Mama Pindo, ndani ya ndoo ya buluu iliyopasuka mdomo, mama alilipanda kwa mkono wake miaka mingi iliyopita. Alikuwa akilipita kila siku bila kuliona, maana mwenye hatia hatazami mlango wa aliyemkosea.

Mchana ule alifunga mkasi katika kitambaa, akaenda. Mama Pindo alikuwa anashona. Cherehani ya pili, ya mama, ilikuwa pembeni, imefunikwa shuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mguu haukuacha kukanyaga.

Sisimizi alifungua kitambaa, akaweka mkasi mezani. Utomvu ulikuwa umekauka kwenye makali, kahawia kama kutu. Cherehani ikanyamaza.

"Si mbuzi," akasema Sisimizi. "Ni mimi. Nilitaka yawe mengi. Yote yameoza."

Mama Pindo aliinua mkasi, akapitisha kidole kwenye pengo. "Najua," akasema. "Mbuzi hurarua, mwanangu. Mbuzi hana mkasi. Lile shina lilikuwa limepondwa na makali mawili, nililiona siku ileile."

"Kwa nini hukusema?"

Macho ya Mama Pindo yalikwenda kwenye ile cherehani iliyofunikwa.

"Nilidhani nakusitiri. Nilijiambia, mtoto kafiwa, nimbebee hili." Akavua miwani. "Sikiliza. Nitakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Mama yako alinionyesha ule uvimbe hapahapa barazani, mwaka mzima kabla ya baba yako kujua. Ulikuwa kama punje ya mbaazi. Akaniapisha nisiseme. Alisema utaondoka wenyewe, alisema ana nguo za watu za kumaliza, alisema hataki kumtia mumewe hofu. Nikanyamaza. Nilidhani kunyamaza ndiyo mapenzi. Kila siku nilikaa hapa, yeye pale, tunashona, na kile kitu kinakua katikati yetu, na mimi nimefunga mdomo kama kifungo."

Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Sisimizi alikuwa hajawahi kumwona mtu mzima akilia kwa kosa lake mwenyewe. Hakujua la kufanya, akafanya alilofanyiwa na Redio: akamsogezea kitambaa kilichokuwa kimefungia mkasi. Mama Pindo akakichukua, akapenga kamasi, wakatazamana.

"Angepona?" akauliza Sisimizi.

"Mungu ndiye ajuaye. Pengine ndiyo, pengine hapana. Lakini angalau daktari angeitwa mapema, na sisi tusingejiuliza." Akasimama, akajifunga kanga kiunoni. "Twende kwa baba yako. Una lako la kusema, nami nina langu. Nimechoka kushona upande wa ndani tu."

Walimkuta karakana akipiga randa. Sisimizi alisema lake kwanza, yote, mkasi, mbuzi, vijiti vilivyozikwa kando ya choo. Randa ilikoma. Kisha Mama Pindo akasema lake, na hilo lilipokwisha, baba aliketi juu ya ubao aliokuwa akiulainisha. Takataka za mbao zilikuwa zinapeperuka miguuni mwao.

"Mwaka mzima," akasema baba.

"Mwaka mzima, shemeji. Nihukumu utakavyo."

Baba aliweka randa chini. Hatimaye akasema, "Niliona hainui mkono wa kushoto. Kuanika nguo alikuwa anatumia mmoja. Niliona kwa macho yangu, nikajiambia ni uchovu, kwa sababu niliogopa jibu." Akajifunika uso kwa viganja vyenye vumbi la mbao. "Sasa nitamhukumu nani?"

Sisimizi alikwenda akasimama karibu yake. Baba alimvutia kwake, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi wakalia pamoja. Siku zote walikuwa wakilia kila mtu chumba chake.

Baadaye baba alimwambia Mama Pindo, "Yale maneno ya mbuzi, nimeyarudisha. Jumamosi nitakwenda kumchukua mwenyewe." Kwa Sisimizi akasema, "Nawe utakata majani yake mpaka nitakapokuambia basi."

*

Jioni ileile Mama Pindo alitoa kisu chenye makali, akamfundisha mbele ya ile ndoo ya buluu. "Tafuta tawi lenye afya, unene wa penseli. Chini, karibu na kifundo, hapo jani linapochipukia, kata mshazari. Juu, kata sawasawa, bila kuinamisha kisu. Mama yako hakufanya hivyo kwa urembo. Ni alama, ili usije ukakichomeka kichwa chini. Majani ya chini ondoa. Debe toboa, maji yapite. Na ukishapanda, mikono mbali. Huko chini seli zina kazi, hazitaki mgeni kila asubuhi."

Walipanda vitatu. Vijiti vikakaa, havisemi kitu. Kila asubuhi vidole vya Sisimizi viliwasha kwa hamu ya kuvichomoa, na kila asubuhi aliviweka nyuma ya mgongo. Kimoja kilikauka. Cha pili kikakauka. Wiki ya tano, kwenye kifundo cha kile cha tatu, pakatokea kitone chekundu kidogo kama ncha ya kalamu.

Miezi ilipita. Siku ua la kwanza lilipofunguka ilikuwa Jumamosi. Mama Pindo alikuwa amekaa mlangoni akimsuka Sisimizi, mbuzi amefungwa kwa kamba fupi anasikitika, baba yuko kwenye kigoda. Harufu ilikuja ileile. Sisimizi aliinama, akanusa, akasubiri. Alisubiri kama mjinga, kama vile sauti ingesema, sasa nimefika nyumbani. Haikusema. Machozi yakamdondoka juu ya ua, na hakuyaficha.

"Lia tu," alisema Mama Pindo, mikono yake ikiendelea kusuka. "Ua limerudi, mwenyewe hakurudi. Hilo halina dawa ila kumwombea."

Sisimizi alifuta uso. Akakaa kidogo, kisha akasema, "Baba, sikio linaniuma."

Kigoda kiligeuka. "Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

Baba alisimama palepale, akaenda kuchukua viatu vyake. Alipopita alimwekea mwanawe mkono kichwani, juu ya misuko iliyofika nusu.

"Umefanya vema kusema siku ya kwanza," akasema. "Wazee walinena, mficha maradhi kifo humuumbua. Uongo nao ni maradhi, mwanangu. Ukiuonyesha ungali punje, watu watakusaidia kuutoa. Ukiuficha, unagawanyika gizani, mmoja unakuwa miwili, miwili minne, mpaka unakula usichotaka kiliwe. Katika nyumba hii kinachouma kitasemwa, hata kama anayesikia atalia."

"Angalau nimalizie upande huu," alisema Mama Pindo. "Atakwenda hospitali ana kichwa nusu?"

"Atakwenda hivyohivyo," alisema baba, na akaanza kufunga kamba za viatu.